Bibi anasimulia kwa Kisukuma, wajukuu wanataka katuni: je, ngano bado zina kazi?

Msomaji wetu wa Nyakato, jijini Mwanza, ameuliza hivi: "Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Kwimba mwenye umri wa miaka sabini na kitu, amehamia kwetu tangu mwaka jana. Kila jioni anataka kuwakusanya wanangu wawili, wa darasa la tatu na la sita, awasimulie ngano za Kisukuma. Watoto hawakijui Kisukuma vizuri, na wao wanaona afadhali katuni. Mume wangu anasema ngano hizo zimejaa mazimwi na uchawi, na kwamba zitawatia hofu. Mimi mwenyewe ni Mkerewe, na kwetu kuna mambo ambayo hayasimuliwi kabisa: kaka yangu alizama na MV Bukoba mwaka 1996, na tangu hapo jina lake halitajwi mbele ya watoto. Je, masimulizi haya yana faida ya kweli kwa mtoto wa leo, au tunafanya tu kumridhisha bibi? Na kama yana faida, inatosha nikimrekodi kwa simu ili watoto wasikilize watakapokua?"

Mama, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa jibu lake ndilo litakaloyafungua yale mengine. Kumrekodi bibi ni jambo jema, na hapo chini nitaeleza namna ya kulifanya, lakini halitoshi. Ngano huwa imerithiwa pale mtoto anapoweza kuisimulia mwenyewe mbele ya watu wanaomsikiliza, akakosea, akachekwa, akarekebishwa, na siku nyingine akaipatia. Familia inaweza kuwa na saa nyingi za sauti ya bibi kwenye simu na bado ngano zikafia hapo hapo, iwapo hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuitoa hadithi moja kinywani mwake tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo nitakapotaja faida, nitakuwa nazungumzia tendo zima: yupo anayesimulia, wapo wanaoitikia, na miongoni mwa wanaoitikia yupo anayejifunza kusimulia bila mwenyewe kujua kuwa anafundishwa.

Faida inayotajwa kwanza kila mahali ni kwamba ngano hufundisha maadili. Siikatai, ila naiona kuwa hoja dhaifu kuliko zote, na nadhani ndiyo iliyozifanya ngano zichoshe. Mwanafunzi wa sekondari anayejiandaa kwa mtihani wa Kiswahili anaweza kukutajia dhima tano za fasihi simulizi bila kuvuta pumzi, kuanzia kuelimisha hadi kuburudisha, lakini ukimwomba akusimulie ngano moja ya kwao akabaki anakuna kichwa. Kama kazi ya ngano ingekuwa kuonya tu, methali moja ingetosha, na watu wangekwenda kulala mapema.

Chukua ngano ambayo mama mkwe wako bila shaka anayo, ile ya Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we. Zimwi hilo lilimeza watu wote duniani, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi ya nafaka. Akajifungua mtoto wa kiume, ndiye Masala Kulangwa. Mtoto alipopata akili akamuuliza mama yake kwa nini wako wawili tu. Mama akamweleza, na kuanzia siku hiyo kijana akawa anawinda kitu ambacho hajawahi kukiona. Mara ya kwanza akarudi na panzi, anatamba tangu mbali kwamba amemuua Shing'weng'we huko mlimani, mama na apige vigelegele. Mama akamwambia, huyu ni panzi tu mwanangu, tumchome tumle. Mara nyingine akaja na ndege, kisha na swala, na kila mara majigambo yakawa yale yale na jibu la mama likawa lile lile, hadi alipokutana na zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wakiwa hai.

Sehemu hiyo ya panzi na ndege, ambayo mtu mwenye haraka angeiruka, ndiyo yenye ufundi wote. Msimulizi hodari akishatoa majigambo ya kijana hunyamaza kidogo. Mara ya kwanza watoto humtazama wakisubiri; mara ya pili mmoja wao hulisema jibu la mama kabla ya bibi; mara ya tatu wote hulisema kwa pamoja, na wanacheka kwa sababu wao wameshajua asichokijua shujaa. Hapo bibi amekwisha kuwagawia nafasi ya mhusika mmoja, na hawakuombwa. Marudio hayo pia ndiyo yanayoishikilia ngano isipotee mahali ambapo hakuna karatasi: mtoto akikumbuka kwamba wanyama huongezeka ukubwa, anaweza kuijenga upya hata akisahau ni yupi alitangulia. Ukiona mama mkwe wako anarudia rudia, usidhani ni uzee.

Ila ngano haikomi kwa kifo cha zimwi. Masala Kulangwa alipokuwa akilipasua tumbo, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi kizee akakasirika sana, akataka kumroga yule yule aliyemwokoa. Rafiki zake kijana wakamlinda, naye akatafuta dawa, akamtibu sikio hadi likapona, na baada ya hapo ndipo watu walipomkubali awe mtemi. Ngano za zimwi linalomeza watu ziko kwa jamii nyingi za Kibantu, na inafaa kulinganisha: Wasotho wa kusini mwa Afrika wanayo ya Senkatana, ambaye baada ya kuwaokoa watu wote aliuawa na hao hao aliowaokoa. Wasukuma wameuelekeza mwisho wao kwingine. Kwao aliyeumizwa ana dai lake hata kama aliyemuumiza alikuwa anamwokoa, na utemi haukuja kwa kuua zimwi peke yake. Ulikuja baada ya dawa ya sikio. Jaribu kuwauliza wanao iwapo yule bibi kizee alikuwa na haki ya kukasirika. Ninavyowafahamu watoto, watagawanyika pande mbili na watabishana hadi chakula kipoe. Mabishano hayo ndiyo faida ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu yanawapa nafasi ya kupima jambo zito la haki, shukrani na fidia bila mtu yeyote aliyemo chumbani kushtakiwa.

Hapa nijibu hofu ya mumeo, ambayo kwa kweli ni mbili zilizofungwa pamoja. Ya kwanza ni hofu ya mazimwi. Mtoto anayetazama katuni ameshaona mazimwi mengi kuliko yale ya Kwimba, tena akiwa peke yake na kioo. Zimwi la bibi lina mtu anayelileta na kuliondoa, anayeona macho ya mtoto yakitanuka na kupunguza sauti. Mwombeni tu bibi jambo moja, kwamba ngano ya kutisha isikatishwe katikati kwa sababu ya usingizi. Zimwi life kwanza, ndipo watu walale.

Hofu ya pili, ya uchawi, naichukulia kwa uzito, na mumeo hajakosea kuiona. Kanda yetu hii, hasa Usukumani, kwa miongo mingi imeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa kudhaniwa wachawi, na moja ya dalili zilizotajwa ilikuwa macho mekundu, ambayo kwa mwanamke aliyepika maisha yake yote kwa kuni na samadi ndani ya jiko lenye moshi si jambo la kushangaza. Kama kila ngano anayosikia mtoto ina mchawi, na kila mchawi ni bibi kizee asiye na watu, mtoto anajengewa mazoea ya kumtazama jirani yake mzee kwa namna fulani. Sioni kwamba dawa yake ni kuzifuta ngano. Dawa ni kuzisimulia mbele ya mtu mzima anayeuliza maswali, na katika nyumba yenu mtu huyo awe mumeo mwenyewe. Masala Kulangwa inamsaidia, kwa kuwa bibi kizee wa ngano hiyo ana sababu ya hasira yake, na shujaa anamtibu pale ambapo angeweza kumuua. Tena msisahau kwamba msimulizi wenu naye ni mwanamke mzee wa Kisukuma. Muulizeni yeye anaionaje sehemu hiyo. Huenda ana mengi ya kusema kuliko mimi.

Mumeo anaweza kuuliza kwa nini basi kazi hiyo asiifanye yeye, baba wa watoto. Afanye, lakini hataziba nafasi ya mama yake. Kwa Wasukuma, kama ilivyo kwa jamii nyingi za kanda hii, bibi na mjukuu ni watani: huitana mume na mke, hunyang'anyana chakula, huambiana maneno ambayo baba na mwana hawawezi kuambiana bila mmoja kuinamisha kichwa. Mzazi ana jukumu la kuamrisha na kuadhibu, na mtoto humsikiliza akiwa na tahadhari hiyo. Bibi hana deni hilo. Ndiyo maana mambo ya aibu, ya woga, ya miili na ya mapenzi yalipitia kwake, yamevikwa sungura na fisi. Wavulana nao walikuwa na shikome, moto wa jioni wa wanaume nje ya nyumba, ambapo wazee walizungumza na vijana walijifunza kwa kukaa kimya kwanza.

Kuhusu jioni yenyewe, katika jamii nyingi za Afrika Mashariki watoto hukatazwa kusimulia hadithi mchana, eti wataota pembe au mkia. Katazo hilo lililinda kazi za shamba, hilo liko wazi. Lakini usiku una lake pia. Mwanaanthropolojia Polly Wiessner, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 juu ya Waju/'hoansi, jamii ya Wasan wa Namibia na Botswana, alilinganisha mazungumzo yao ya mchana na yale ya kando ya moto usiku. Mchana hadithi zilikuwa asilimia 6 tu ya mazungumzo, na kilichotawala kilikuwa mambo ya kutafuta riziki na malalamiko ya watu juu ya wenzao. Usiku hadithi zilifika asilimia 81. Wavuvi wetu wa dagaa wanalijua jambo hili bila utafiti. Katika siku za mbalamwezi taa haiwavuti dagaa, mitumbwi hukaa ufukweni, na kambi za visiwani hugeuka kuwa baraza za visa hadi usiku wa manane. Nyinyi mjini hamna moto wala kambi, ila mna nusu saa baada ya chakula. Runinga izimwe nusu saa hiyo kwa watu wote, akiwemo baba mwenye taarifa yake ya habari. Mkiwazimia watoto peke yao, mtakuwa mmeigeuza ngano kuwa adhabu.

Nisiseme sana juu ya simu na katuni. Mkatiko wa masimulizi ulianza zamani. Operesheni ya vijiji ya mwaka 1974 iliwahamisha Wasukuma wengi kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika, wakayaacha mahame yao yenye makaburi na miti iliyobeba kumbukumbu. Kisha shule, kisha ajira za mjini. Kizazi changu kwa sehemu kubwa kilipokea hadithi kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam, katika kipindi cha Mama na Mwana, kwa Kiswahili, kutoka kwa mtu ambaye hatukuwahi kumwona. Na hatukuharibika, kwa sababu kesho yake shuleni kila mmoja alitaka awe wa kwanza kuisimulia upya.

Sasa nije kwenye jambo uliloligusa kwa sentensi moja, nami naliona zito kuliko ngano zote: kaka yako.

Masimulizi ya vizazi yana mikono miwili. Mmoja ni ngano, ambazo ni za watu wote. Mwingine ni habari za ukoo, ambazo ni zenu peke yenu na hakuna redio itakayowasaidia kuzitunza. Wanasaikolojia Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, mwaka 2001 waliandaa maswali 20 ya kupima mtoto anajua nini kuhusu familia yake: bibi na babu walikulia wapi, wazazi walikutanaje, ni misiba na magonjwa gani yaliipata familia, yeye mwenyewe alizaliwaje. Waliona kwamba watoto waliojua zaidi walijithamini zaidi na waliamini zaidi kwamba wana uwezo juu ya maisha yao. Lakini usiende kuwakaririsha watoto majibu. Duke mwenyewe ameonya kuwa kujua majibu hakumjengi mtoto. Kinachomjenga ni yale maongezi ya miaka, mezani na safarini, ambayo majibu hayo hutoka humo. Walibainisha pia namna tatu ambazo familia hujisimulia. Kuna inayosema tulianza bila kitu tukapanda. Kuna inayosema tulikuwa navyo tukaanguka. Na kuna inayosema tumepanda, tumeanguka, tumeinuka tena, na muda wote tulikuwa pamoja. Hii ya tatu ndiyo waliyoiona kuwa yenye nguvu zaidi kwa mtoto.

Familia inayoficha msiba haiwezi kuisimulia hiyo ya tatu, kwa sababu imeondoa sehemu ya kuanguka. Tena ukimya hauwafichi watoto jambo lenyewe. Wanasoma Mwanza, wamesikia kwamba MV Bukoba ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kufika hapa, kwamba waliokufa walizidi 800, na kwamba wengi wamezikwa Igoma, mahali ambapo daladala zao hupita. MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara mwezi Septemba 2018 na watu zaidi ya 220 wakafa, majina ya meli zote mbili yalitajwa pamoja kila mahali, na watoto walikuwa wakisikiliza. Wasichojua ni kwamba msiba ule ni wao pia. Wakija kulijua hilo kwa mtu wa nje, watajifunza kwamba kwenu kuna mambo yasiyoulizwa, na wakipata lao zito watalificha vile vile.

Habari hii usimwachie bibi, ni yako. Usianzie kwenye meli. Anza na kaka yako akiwa hai: alipenda kula nini, aliitwa jina gani la utani, aliwahi kukufanyia uchokozi gani mkiwa wadogo kisiwani. Mwache awe mtu kwao kwanza, hata kwa wiki kadhaa, kabla hujawaambia alivyokufa. Ukifika hapo sema ukweli kwa maneno machache, na uwaachie nafasi ya kuuliza hata maswali yanayochoma. Wa darasa la sita anaweza kupelekwa Igoma, kama wewe mwenyewe una nguvu ya kwenda. Na kama wazazi wako bado wapo Ukerewe, waulizeni kabla. Wao ndio wenye msiba wa kwanza.

Kuna sababu nyingine ya kutochelewa. Jan Vansina, mwanahistoria aliyefanya kazi kubwa juu ya mapokeo simulizi ya Afrika, alionyesha kuwa kumbukumbu ya jamii huwa nene kwenye mambo ya karibuni na kwenye asili ya watu, halafu huwa nyembamba katikati, na pengo hilo husogea mbele kila kizazi kinapopita. Asili ya Wasukuma haitapotea, itasimuliwa na wengi. Kitakachoangukia kwenye pengo ni mambo ya kawaida ya maisha ya mama mkwe wako: aliolewa kwa ng'ombe wangapi na nani aliwahesabu, maji walichota lambo gani, siku ya kuhamia kijijini mwaka 1974 walibeba nini na waliacha nini. Alikuwa mwanamke kijana wakati ule. Maswali ya namna hiyo, madogo na yenye vitu vya kushikika, humfungua mzee kuliko swali la "bibi, maisha ya zamani yalikuwaje", ambalo hujibiwa kwa "yalikuwa mazuri" na mazungumzo yakafa.

Atawasimulia pia habari za Ng'wanamalundi, mtu wa miujiza wa Wasukuma, hilo sina shaka, na wa darasa la sita atauliza kama ni kweli kwamba alinyooshea miti kidole ikakauka. Msikimbilie kusema ni uongo, wala msiape kwamba ni kweli. Ng'wanamalundi alikuwa mtu halisi aliyeishi hadi enzi ya ukoloni, na masimulizi yanasema Wajerumani walimkamata kwa kuogopa jina lake. Juu ya mtu huyo watu walijenga sifa walizotaka mtu wao awe nazo mbele ya serikali yenye bunduki. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kabisa kuelewa kwamba kuna alichofanya mtu na kuna alichosemwa, na kwamba vyote viwili vina habari ndani yake. Akishalizoea hilo kwa Ng'wanamalundi, atakuwa na jicho kali zaidi kwa habari zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Kuhusu lugha, msingoje watoto wajue Kisukuma ndipo bibi aanze. Asimulie kwa Kisukuma chepesi, na baba yao atafsiri pale tu wanapokwama. Nyimbo zilizomo ndani ya ngano zibaki kwa Kisukuma bila kutafsiriwa, kwa sababu mtoto hushika wimbo kabla ya maana. Waanze na vitendawili, ambapo anayetega husema "Kalagu!" na wengine huitikia "Kize!", jambo ambalo hata wewe Mkerewe utalishika mara moja. Na zamu yako ikifika usijivunge. Ziwa limejaa visa ambavyo Kwimba hawana, kuanzia jiwe linalocheza la Ukara hadi kile cha Wajaluo cha Nyamgondho, mvuvi aliyemvua mwanamke ziwani, akatajirika kwa ajili yake, akamtukana siku aliporudi amelewa, na mwanamke akarejea majini akifuatwa na ng'ombe wote.

Kwenu Ukerewe ndiko alikozaliwa Aniceti Kitereza mwaka 1896, na maisha yake yanajibu vizuri swali lako la kurekodi. Aliona vijana wanasahau maisha ya wazee wao, akayaandika yote, desturi, dawa, misemo na maongezi ya nyumbani, katika riwaya ndefu ya Kikerewe aliyoimaliza mwaka 1945. Hakupata mchapishaji kwa lugha hiyo. Miaka mingi baadaye, akiwa mzee, aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Unaona alichofanya: lugha ya kwao ilikuja kwanza, Kiswahili kikafuata, na mkono ulikuwa ule ule. Fanyeni hivyo. Mwombe bibi ruhusa, na akisitasita mkubaliane kwanza nani atasikiliza. Rekodi sauti; picha haina lazima, kwa kuwa kamera humfanya mzee akae kama yuko studio. Anza kila sauti kwa kutaja tarehe, mahali na waliokuwepo, wala usifute vicheko na mabishano ya watoto, kwa maana hayo ni sehemu ya ngano. Majina ya vijiji, mimea na watu yaandikwe kwenye daftari siku hiyo hiyo, kwani ndiyo yatakayowashinda wanao miaka ishirini ijayo. Weka nakala mahali pengine, simu huibwa. Na msiweke mtandaoni habari za ukoo zenye majina ya watu.

Mwezi Juni, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, kule Bujora, Kisesa, wapelekeni mkaone Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma, wakishindana. Wasikilizeni manju, viongozi wa nyimbo, wanavyotunga nyimbo mpya juu ya mambo ya mwaka huu huu, ili watoto wasidhani mapokeo ni kitu cha kabatini. Halafu likizo ya Desemba mkienda Kwimba, mwombeni wa darasa la sita awasimulie binamu zake Masala Kulangwa, kwa Kisukuma chake cha kuungaunga kilichochanganyika na Kiswahili. Watamcheka, na watamsahihisha. Bibi akae karibu lakini asimsaidie haraka, maana binamu wenyewe watamkumbusha iwapo swala alitangulia ndege. Siku hiyo ya kwanza usimrekodi. Mtoto akielekezewa simu huanza kusimulia kwa ajili ya simu, na wale walioko mbele yake huacha kuitikia.